Kufungia tovuti na kuzima intaneti: amri anaisaini nani, na karatasi iko wapi?

Kijana wa Kibaha (mleta mada)

Wakuu salaam. Naomba kabla hatujaanza tuweke vyama pembeni, uzi huu sio wa chama chochote, ni wa kila mtu mwenye laini ya simu.

Nina swali moja, ninalo toka Oktoba 2025, na kila ninayemuuliza ananijibu "ndo nchi yetu ilivyo", jibu ambalo mimi nimelikataa. Swali lenyewe: siku intaneti inapozimwa nchi nzima, au tovuti inapofungiwa ukabaki unaangalia duara linazunguka tu, hiyo amri kaiandika nani? Kaisaini nani? Inaanza lini inaisha lini? Na mimi niliyeumia naipeleka wapi?

Tujikumbushe tulikotoka maana watu tunasahau haraka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipita 2015. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, akakamatwa, kisa polisi walitaka taarifa za watumiaji yeye akagoma kuwatoa, ukaanza mzunguko wa mahakama ya Kisutu wa miaka na miaka, na pamoja na hilo akashtakiwa kuendesha tovuti isiyo na .tz mwishoni. Machi 2018 zikaja kanuni za maudhui mtandaoni, ghafla mtu mwenye blogu yake ya mapishi au ya kijiji chao anatakiwa kulipia leseni, ukijumlisha ada ya maombi, leseni na ya kila mwaka ni zaidi ya milioni 2, na ukikaidi adhabu ni faini isiyopungua milioni 5 au jela miezi 12 au vyote viwili. Juni mwaka ule ule JamiiForums wakajifungia wenyewe kwa muda kwa sababu ya kanuni hizo, blogu nyingine ndogo zikafa moja kwa moja na hakuna aliyeandika habari ya msiba wake. Ada zilikuja kupunguzwa baadaye lakini zile blogu hazikurudi.

Oktoba 2020 kuelekea uchaguzi Twitter na WhatsApp zikawa hazishiki, Twitter ikabaki hivyo wiki kadhaa. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wakatoa tangazo kwamba anayetumia VPN (programu ya kupitia kwingine tovuti ikifungiwa) ajitambulishe kwao mpaka tarehe 30 ya mwezi huo. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za kampuni ya magazeti ya Mwananchi zikasimamishwa siku 30 kwa ajili ya video ya katuni. Mei 2025 X (ndo ile Twitter) ikafungwa. Septemba 2025 JamiiForums ikafungiwa siku 90. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, intaneti yenyewe ikaondoka nchi nzima na ikarudi Novemba.

Sasa angalieni kitu kimoja hapo. Kuna matukio yana karatasi na kuna matukio hayana. Kanuni za 2018 zilikuwa na karatasi, zilichapishwa kwenye gazeti la serikali, ndo maana watetezi wa haki na waandishi waliweza kwenda Mahakama Kuu Mtwara Mei 2018 na wakapata zuio. Zuio liliondolewa wiki chache baadaye, sawa, walishindwa, lakini walikuwa na kitu cha kushika mkononi mbele ya jaji. Siku 30 za Mwananchi zilikuwa na karatasi. Siku 90 za JamiiForums zilikuwa na karatasi. Ila kuzimwa kwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba, mimi sikupata tangazo, sikupata hata ile meseji ya "ndugu mteja". Yani kadiri jambo linavyokuwa kubwa na kuumiza watu wengi ndivyo karatasi inavyopotea. Hilo ndo linaloniuma.

Na Katiba yetu Ibara ya 18 haijaficha maneno. Kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake, ana haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, ana uhuru wa kufanya mawasiliano na kutoingiliwa kwenye mawasiliano yake, na ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Wakati wote. Najua Ibara ya 30 inaruhusu mipaka, lakini mipaka yenyewe inatakiwa iwekwe na sheria, na sheria ni kitu kinachosomeka.

Karibuni, leteni hoja.

---

dogo_wa_Mabibo

Naunga mkono hoja mkuu. Swali dogo kabla sijachangia, hivi kitaalamu wanafungaje? Maana kuna siku tovuti inagoma kwenye laini hii, kwenye laini nyingine inafunguka.

---

Mama Nguo

Mimi sio mtu wa siasa, nauza nguo za watoto Kariakoo, wateja wangu karibu wote ni wa mtandaoni, wa mikoani, naposti mzigo wanachagua wanatuma hela naenda kupakia kwenye basi. Ile Oktoba mzigo ulikuwa umeshaingia, nimekopa hela ya kikoba, nikasema nitauza mwisho wa mwezi watu wakipata mishahara. Mtandao ukaenda. Na usiku hutoki maana Dar kulikuwa na amri ya kutotoka nje. Mteja wa Songea alikuwa ameshalipa nusu akawa hanipati WhatsApp, aliponipigia simu ya kawaida alikuwa anafoka anajua nimemtapeli na mimi sina picha ya kumtumia kumuonyesha mzigo wake upo.

Kikoba hakijui habari ya mtandao kuzimwa, siku ya marejesho ni siku ya marejesho. Nasoma watu wanabishana uhuru wa kujieleza, ni sawa, ila mimi nataka watu waelewe kuwa kuna wanawake wengi hawajawahi kuandika hata neno moja la siasa na walikula hasara ile. Sasa na mimi nauliza kama mleta mada, hasara yangu nampelekea nani?

---

Mzalendo Halisi

Mleta mada umeandika vizuri ila umeegemea upande mmoja. Tuwe wakweli. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye X ilidukuliwa, zikawekwa taarifa za uongo na picha chafu. Jerry Silaa, waziri wa mawasiliano wa wakati huo, alisema wazi kwamba mtandao ule unaruhusu maudhui ya ngono kinyume na sheria na maadili yetu. Nina watoto, mkubwa yupo kidato cha pili, sitaki hayo mambo yamfikie. Na kwenye uchaguzi uongo mmoja unaweza kuua watu, mtu yuko ng'ambo anarusha clipu ya nchi nyingine anasema ni Mwanza, vijana wanatoka na mapanga. Serikali ikae inaangalia? Jukumu la kwanza la serikali yoyote ni usalama wa raia. Mtandao ukizimwa siku tano utarudi, mtu akifa harudi.

Sitetei kila kitu, ila msiongee kana kwamba hakuna hatari.

---

Kijana wa Kibaha

Mama Nguo pole sana dada yangu. Swali lako nitalirudia chini, sijalipita.

Dogo, nianze na wewe. Njia ziko nyingi ila tatu ndo kubwa. Ya kwanza ni ya DNS. Unapoandika jina la tovuti, simu yako inauliza seva ya kampuni yako ya simu "hili jina namba yake ni ipi?", sasa kampuni ikiambiwa ifungie inajibu namba ya uongo au inakaa kimya. Hii ndo rahisi na ndo ile ukibadilisha DNS kwenye mipangilio ya simu tovuti inafunguka. Na kwa kuwa kila kampuni inatekeleza kwa mitambo yake na muda wake, ndo unaona laini moja inagoma nyingine inapita. Ya pili wanaangalia jina la tovuti wakati simu yako inaanza kuongea nayo. Tovuti nyingi siku hizi ni https, maana yake kampuni ya simu ni kama mtu wa posta, anaona anwani juu ya bahasha ila barua ya ndani haioni. Akiona anwani ya X anakata. Hapa kubadilisha DNS hakusaidii. Ya tatu ndo kuzima data yenyewe, hakuna cha tovuti wala nini.

Sasa Mzalendo, hii ya pili inakuhusu, naomba uisome taratibu. Kwa kuwa barua haionekani, serikali haiwezi kufungia ukurasa mmoja mchafu ikaacha mingine. Inafunga yote au inaacha yote. Uturuki walikumbwa na hili, walikuwa hawataki kurasa chache za Wikipedia, Wikipedia imeshahamia https yote toka 2015, basi Aprili 2017 wakaifunga nzima, lugha zote, kemia, historia ya mpira, kila kitu, mpaka Januari 2020 baada ya Mahakama yao ya Katiba kusema ule ni ukiukaji wa uhuru wa kujieleza. Karibu miaka mitatu wanafunzi wa nchi nzima wanakosa ensaiklopidia kwa sababu ya kurasa kadhaa.

Kwa hiyo na sisi, kufunga X nzima ili kijana wako wa kidato cha pili asione ngono, umemfungia pia daktari anayefuatilia wenzake, mwandishi, mkulima anayefuata bei, hata taasisi za serikali ambazo zilikuwa na akaunti humo humo. Na kijana wako hajazuiwa, maana picha zile ziko kwenye tovuti nyingine elfu na darasani kwao wanajua VPN kuliko mimi na wewe. Mtoto analindwa kwa kuwekewa mipangilio ya mzazi kwenye simu yake na kuongea naye. Na aliyedukua akaunti ya polisi anatafutwa yeye, tuna sheria ya 2015 ambayo kudukua ni kosa kabisa.

Kuhusu uongo unaoua nakubaliana na wewe hatari ipo, sijaikana. Ila fikiria siku ile data ilipokatika. Uvumi ulikoma? Ulihamia kwenye simu za kawaida na midomo ya watu, na aliyetaka kuhakikisha hakuwa na pa kuhakikishia. Mtu alikuwa na ndugu yake hajarudi nyumbani, hana gazeti mtandaoni, hana picha, anasikia tu jirani anasema hivi, jirani mwingine anasema vile. Uongo unazimwa na taarifa sahihi inayotoka haraka kwa mtu anayeaminika, na hiyo taarifa nayo inahitaji njia ya kupita.

---

Omosh wa Nakuru

Ndugu zetu wa TZ hiyo maneno ya uongo kuua watu sisi tuliiona live. Mwanzo wa 2008 baada ya uchaguzi SMS za chuki zilikuwa zinazunguka huku Rift Valley mbaya sana, na serikali ilikuwa inafikiria kuzima SMS zote. Michael Joseph alikuwa mkubwa wa Safaricom wakati huo, yeye akasema badala ya kuzima watume SMS za kuhimiza amani, na ndivyo ilifanyika. SMS ikabaki, na hiyo SMS ndiyo watu walitumia kuuliza mama yuko wapi, barabara gani iko salama. Mimi nilikuwa kijana mdogo hapa Nakuru, najua nasema nini.

Lakini msidhani Kenya ni mbinguni. Juni 2024 wakati wa maandamano ya Finance Bill, ule muswada wa kodi, tarehe 24 Mamlaka ya Mawasiliano ilisema haina mpango wa kuzima intaneti, kesho yake jioni intaneti ikaanguka, Safaricom na Airtel wakasema ni shida ya nyaya za baharini. Telegram nayo imekuwa ikizimwa wakati wa mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari, 2023 na 2024, ati wizi wa mtihani. Yaani mtu anayeuza mboga kwa Telegram anafungiwa sababu ya mtihani wa hesabu.

Tofauti moja tu naona. Huku watu wanakimbilia korti mapema. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, BAKE, chama cha wanablogu wa Kenya, walienda korti na vifungu 26 vikasimamishwa kabla havijaanza kazi. Vilirudishwa 2020, sawa, lakini vilikaa karibu miaka miwili. Marekebisho ya Oktoba 2025 yalisainiwa, ndani ya wiki moja Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu. Huwezi kupinga kitu hujui kiko wapi, hapo mleta mada amegonga ndipo.

---

Mgeni Kampala

Mimi ni Mtanzania ila nafanya biashara Kampala muda sasa. Huku 2018 walianza na kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 za Uganda kwa siku, hujalipa hufungui WhatsApp wala Facebook. Watu wakahamia VPN wote mpaka wamama wa sokoni, serikali ikaja kuiondoa 2021 ikaweka kodi kwenye bando lenyewe asilimia 12.

Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi Facebook waliondoa akaunti walizosema zinahusiana na wizara ya serikali, kesho yake mitandao yote ya kijamii ikafungwa, halafu usiku wa kuamkia kura intaneti yote ikazimwa, ikarudi baada ya siku kama tano. Facebook haikurudi nayo, ilibaki imefungiwa miaka na miaka. Na wanaoitumia bado wapo, wanapitia VPN, bando linaisha haraka, simu inapata moto. Mtu anauza viatu kwenye Facebook kwa VPN! Sasa niambieni huo usalama uliopatikana hapo ni upi?

Ila kwa upande wa karatasi, Kampala ilikuwepo. Barua ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kwenda kwa kampuni za simu ilionekana, Airtel waliwaambia wateja wao kabisa kwamba wamepokea maelekezo. Haikuzuia kitu, ila angalau hakuna aliyejifanya ni hitilafu.

---

Roli la Tunduma

Januari 2019 nilikuwa Lubumbashi na gari, nilikuwa nimeshusha nasubiri mzigo wa kurudi. Walipiga kura 30 Desemba, tarehe 31 intaneti ikakatwa Kongo nzima mpaka karibu tarehe 20 Januari. Bosi yuko Dar anataka picha ya makaratasi ya mzigo, huwezi kutuma. Madereva tulikuwa tunasogea karibu na mpaka tunatafuta mtandao wa Zambia. Na uvumi nilioshuhudia kule kipindi kile sijawahi kuusikia tena, kila kona ina mshindi wake.

---

dogo_wa_Mabibo

Mkuu umeeleweka sana kwenye hizo njia tatu. Sasa VPN ipi nzuri? Mimi natumia moja ya bure, ina matangazo mengi ila inafanya kazi.

---

Kijana wa Kibaha

Dogo hapo naomba unisikilize kama kaka yako. VPN inachofanya ni kukuhamisha macho. Mwanzo kampuni yako ya simu ndo ilikuwa inaona unatembelea wapi, ukiwasha VPN anayeona ni mwenye VPN. Kuendesha seva kuna gharama, sasa jiulize huyu wa bure gharama yake anairudisha wapi. Zipo zilizogundulika zinauza taarifa za watumiaji. Kwa hiyo ukiwa nayo usiingie benki, usiingie barua pepe ya kazini. Na angalia ni nani kaitengeneza, ana sera ya faragha inayosomeka, kuna watu huru walioikagua? Kama hujui usiweke. Tor, ambayo nayo inaficha unakotembelea, ni mradi wa muda mrefu na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, ni ya polepole ila haimtegemei mtu mmoja aone yote. Pia usisahau kuna lile tangazo la 2023, sio la kupuuza, tambua unaishi nchi yenye sheria gani.

Na VPN haisaidii kitu data ikizimwa yote. Hapo unakuwa na mlango wakati nyumba haipo.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, kuna programu inaitwa OONI Probe, ni ya bure, unaiwasha kwenye simu inapima tovuti ipi inafungwa kwenye laini yako na kwa njia gani, matokeo yanaingia kwenye kumbukumbu ya wazi ya dunia nzima. Siku mtu akisema "hatukufunga chochote, ni simu yako mbovu", vipimo vya simu nyingi za mikoa tofauti vinaonyesha. Ila na yenyewe soma maonyo yake kwanza, maana inapima pia tovuti ambazo zinaweza kuwa na utata, na anayekuangalia anaweza kujua umeitumia.

---

Mwana wa Ng'ambo

Assalam aleikum. Mie niko Muscat, kwetu Unguja. Huku Ghuba tatizo jengine kabisa, hawajazima intaneti lakini simu za WhatsApp kwa miaka mingi zimefungwa, Oman na Imarati. Ujumbe unakwenda, sauti haitoki. Wafanyakazi wanyonge wa majumbani, wapo watu wa Tanga, wa Mombasa, wa Uganda, mtu anataka kumuona mwanawe kwa video baada ya kazi hawezi, lazima anunue programu iliyoruhusiwa ya kulipia au apigie simu ya kawaida ghali. Hapo hakuna hata uchaguzi, ni leseni na pesa za makampuni ya simu.

Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kufungia mtandao ni habari ya wanasiasa tu. Ile Oktoba nyumbani walipozimiwa, sie huku tulikuwa hatulali. Salio la kupiga simu ya kawaida Zanzibar likiisha saa ile ile. Bimkubwa wangu ana sukari, nilikuwa nataka kujua tu kama dawa kapata.

---

Wakili Kimya

Nimesoma uzi wote toka juu, niongezee upande wa mahakama maana hapo ndipo swali la mleta mada lina majibu ya kweli kutoka kwa wenzetu.

Zimbabwe, Januari 2019. Bei ya mafuta imepanda, watu wameingia barabarani, intaneti ikazimwa tarehe 15. Kampuni ya Econet ikafanya jambo moja dogo: ikawatumia wateja wake ujumbe kwamba imepokea maelekezo ya maandishi kutoka kwa waziri ndani ya ofisi ya Rais. Yaani karatasi ipo, na kaisaini fulani. MISA Zimbabwe, taasisi ya kutetea uhuru wa habari, na mawakili wa haki za binadamu wakaichukua hiyo hiyo wakaenda Mahakama Kuu Harare. Tarehe 21 jaji akasema waziri aliyetoa amri hakuwa na mamlaka hayo kisheria kwa sababu sheria ile ya mawasiliano ilikuwa chini ya Rais mwenyewe. Amri ikaanguka, intaneti ikarudi. Jaji hakuingia hata kwenye mjadala mkubwa wa haki za binadamu, aliangalia nani kasaini na je, alikuwa na ruhusa. Bila ile karatasi kesi ile isingekuwepo.

India, Januari 2020, kesi ya Anuradha Bhasin kuhusu Kashmir ambako intaneti ilikuwa imezimwa toka Agosti 2019. Mahakama ya Juu ikasema amri zote za kuzima intaneti lazima zichapishwe ili aliyeathirika aweze kuzipinga, na kuzima bila kikomo hakuruhusiwi. Utekelezaji kule una matatizo yake mengi, ila kanuni imewekwa.

Togo, Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya Afrika Magharibi, Juni 2020, ikasema kuzima intaneti Septemba 2017 wakati wa maandamano kulivunja uhuru wa kujieleza, na hakukuwa na sheria ya ndani iliyoruhusu. Walalamikaji wakapewa fidia ya faranga za CFA milioni 2. Mama Nguo, hapo ndipo swali lako linapogusa, kwamba inawezekana mahakama ikasema "mlipeni". Sisemi kwetu ni rahisi hivyo, lakini sio ndoto.

Kwa Tanzania kuna mlango ambao haugongwi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika barua kwa taasisi ya umma kuomba taarifa, na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wanaweza kukataa kwa sababu za usalama wa taifa, lakini wakikataa wanatakiwa waseme kwa maandishi na kwa sababu ipi. Na huko kukataa kwenyewe ni karatasi.

---

Mzalendo Halisi

Wakili nakushukuru, umeongea bila matusi na nimejifunza. Mimi msimamo wangu haujabadilika kwamba kuna siku serikali italazimika kuzuia kitu mtandaoni. Lakini hili la amri kuwa na jina na tarehe ya mwisho siwezi kulipinga, hata polisi akija kupekua nyumba yangu nitamuomba kibali. Nakubali hapo. Ila ngono bado nataka izuiwe.

---

Kijana wa Kibaha

Mzalendo asante ndugu yangu, tukikubaliana hapo tu tumepiga hatua kubwa, hayo mengine tutaendelea kubishana.

Wakili umenipa kazi. Nimeanza kuiandika hiyo barua kwenda TCRA, nimeweka maswali machache tu wasije wakasema haieleweki: je kati ya tarehe 29 Oktoba na siku intaneti iliporudi Novemba 2025 kulitolewa maelekezo yoyote kwa kampuni za simu kuhusu kuzima au kupunguza huduma ya data, kama yalitolewa yalikuwa ya maandishi au ya mdomo, yalisainiwa na mwenye cheo gani, kwa kifungu gani cha sheria, na yalikuwa yaishe lini. Halafu barua ya pili hiyo hiyo kuhusu X kuanzia Mei 2025. Sijaweka lawama wala neno kali hata moja, naomba taarifa tu.

Mama Nguo nakuomba kitu. Andika hasara yako wakati bado unaikumbuka, oda zilizofutwa, marejesho uliyochelewa, tarehe, hifadhi skrinishoti na risiti za kikoba. Na wengine wote mlioumia hivyo hivyo, mawakala, bodaboda wa oda, wenye maduka ya mtandaoni, mwanafunzi aliyekosa dedilaini ya chuo nje. Msitume humu majina wala namba zenu, kaeni nazo. Siku mtu akienda mahakamani hivyo ndo vitahitajika.

---

Mama Nguo

Daftari ninalo, huwa naandika kila oda. Nitakaa nitoe hesabu ya wiki ile yote. Na yule wa Songea tulielewana mwishowe, alipata mzigo wake.

---

Mwana wa Ng'ambo

Mleta mada suali moja, ile sheria ya 2016 na sie wa Zanzibar tunaweza kuitumia kuandika hio barua?

---

Wakili Kimya

Sheria ile ni ya Tanzania Bara. TCRA ni ya Muungano na ofisi zake ziko Bara pia, kwa hiyo njia rahisi aliyeko Bara aandike yeye kwa jina lake, na muhimu awe raia maana sheria inataja raia. Mleta mada ukishamaliza rasimu itoe majina ya watu, iweke hapa tuipitie kifungu kwa kifungu kabla hujaipeleka. Na ukipeleka hakikisha wanagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yako, hizo siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.

---

Kijana wa Kibaha

Sawa mkuu. Rasimu naiweka Jumapili jioni.